Mgeni humu, naombeni msaada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugeni kwenye magrupu

Nasimamia magrupu mawili ya WhatsApp, moja la wafugaji wa kuku na jingine la wazazi wa darasa la mwanangu. Nimekuwa mgeni kwenye mengine nisiyoweza kuyahesabu; mengi nilitoka kimyakimya, mawili nilitolewa. Maswali yaliyo hapa yamekuwa yakinifikia inbox kwa miaka kadhaa, mengi usiku, mengi yakianza na "samahani kama nasumbua". Nimeyajibu kama ninavyowajibu wenyewe, kwa hiyo usishangae jibu moja likiwa refu kama hotuba ya mshenga na jingine likiwa mistari miwili.

Nimeingia jana, nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Wamenichukia?

Hapana, hawajakuona. Grupu la watu mia tatu likiwa kwenye ubishi wa bei ya chakula cha kuku, salamu yako imepita kama hodi iliyobishwa wakati watu wanashangilia goli. Halafu kuna hili: kila mmoja anadhani mwenzake ataitikia. Nyumbani mgeni akibisha, yupo mtu aliye karibu na mlango, na asipoitika atasemwa. Kwenye grupu hakuna aliye karibu na mlango, na hakuna wa kusemwa.

Usirudie salamu. Wengi hukwama hapo: "Habari zenu", kimya. "Mambo vipi humu", kimya. "Kumbe grupu limekufa." Hiyo ya tatu ndiyo itakayojibiwa, na hutapenda jibu lake. Weka salamu na haja yako kwenye ujumbe mmoja, watu wapate cha kushika.

Niseme shikamoo au habari?

Humjui mtu, unaona namba na jina lenye kimstari cha mawimbi mbele yake. "Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu" haijawahi kumgombanisha mtu na yeyote. Kwenye grupu lenye Wakenya wengi "hamjambo" inatosha, na ukisema shikamoo kuna watakaodhani unawazeesha. Kwenye mijadala ya mtandaoni ya Tanzania kuna "wakuu", neno lililomaliza tatizo lote: binti wa miaka kumi na tisa ni mkuu, na mzee mstaafu ni mkuu.

Nijitambulishe kwa kiasi gani?

Jina unalotaka kuitwa, mkoa au mji ulipo, na kilichokuleta. Namba ya kitambulisho, mahali pa kazi, picha ya familia: hivyo havihusiani na kuku. Kuna magrupu yanayomtaka mgeni atume picha yake na jina la mwajiri "kwa usalama wa grupu". Usalama wa nani? Kama huwajui wanaouliza, una haki ya kuuliza kwanza wao ni nani.

Niliuliza swali nikaambiwa "soma juu". Juu hakuna kitu. Nilikosea wapi?

Hukukosea. Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwa miaka mingi WhatsApp imekuwa hivi: anayeingia grupu leo anaanza na skrini tupu. Yaliyosemwa jana hayaoni, labda aliye ndani amtumie. Telegram ni tofauti, kule msimamizi anaweza kuruhusu mgeni asome mazungumzo yote ya nyuma. Kwa hiyo "soma juu" ya Telegram ni ushauri. "Soma juu" ya WhatsApp ni kumwambia mtu asome barua uliyoiweka mfukoni mwako. Na wanaoisema wengi wao si wabaya. Waliingia miaka minne iliyopita, juu yao kuna milima ya ujumbe, na haijawahi kuwapitia akilini kwamba mwenzao hana kitu.

Mwaka 2021, kwenye grupu moja la ufugaji ambalo si langu na silitaji, mama mmoja aliingia saa mbili usiku. Aliandika kwa pumzi moja: "Samahanini jamani mimi mgeni vifaranga wangu wana wiki tatu leo wamekufa 9 wanajikunyata na kuharisha nyeupe nifanyeje". Jibu la kwanza lilikuwa stika ya mtu amelala. La pili: "Soma juu, hii tumeshaijadili." La tatu: "Wageni mnapenda kutafuniwa." Yule mama akaandika, "Juu sioni kitu." Zikaja stika za kicheko, nne au tano. Saa tatu kasoro tukaona kale kamstari ka kijivu kanachosema namba fulani imetoka. Wakati huo mtu akitoka grupu zima lilikuwa linaona.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nakula, simu iko pembeni ya sahani, na jibu nilikuwa nalo: watenge wanaojikunyata, je walipata chanjo ya gumboro siku ya 14, na kesho asubuhi mpelekee bwana mifugo mmoja aliyekufa ampasue aone. Mistari mitatu. Wote waliocheka walikuwa wanaijua kwa moyo. Nilijiambia acha nimalize kula, kuna mtu atamjibu. Asubuhi nilimwandikia inbox. Tiki moja, mpaka leo.

Ukiambiwa "soma juu", jibu hivi bila kununa: "Nimeingia leo, ujumbe wa nyuma siuoni. Mwenye nao naomba aufowadi." Mara nyingi yupo atakayeufowadi, na aliyekufokea atajikuta ana kazi ya kufikiri.

Hii dharau kwa wageni ilianza na WhatsApp?

Ni ya zamani kuliko watu wengi wanaoilalamikia. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao wa mijadala ulioitwa Usenet, ukaanza kazi mwaka uliofuata. Watumiaji wake wengi walikuwa watu wa vyuo vikuu na maabara. Kila Septemba vyuo vilifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakapewa akaunti, na mijadala ikajaa maswali yaleyale na makosa yaleyale. Wakongwe walipiga kelele mwezi mzima, wageni wakajifunza desturi au wakachoka, na ikifika Novemba pametulia. Ilikuwa kama msimu wa kumbikumbi, unajua utapita.

Kisha kampuni za intaneti za majumbani zikafungua mlango. AOL, iliyokuwa na wateja wengi sana wa kawaida, iliwaruhusu kuingia Usenet mwaka 1994, na wimbi la wageni likawa halina mwezi. Wakongwe wakakiita kipindi kile Septemba isiyoisha, wakikihesabu tangu Septemba 1993, ile ya mwisho kabla ya wimbi hilo la AOL. Walisema kwa uchungu, na baadhi yao bado wanasema. Mimi nikiitazama naona jambo jingine: utaratibu wao wote wa kumpokea mgeni ulikuwa kumfokea hadi anyooke, na huo unafanya kazi tu kama wanaofoka ni wengi kuliko wanaofokewa. Siku hesabu ilipogeuka, hawakuwa na utaratibu wowote.

Na hawa hawakuwa wajinga. Hata huu ukurasa unaousoma, wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, umetoka kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na kundi la barua pepe la watu wanaopenda masuala ya anga, na Eugene Miya wa NASA akachoka kuona maswali yaleyale yanarudi. Akayakusanya pamoja na majibu, akawa anayatuma kila baada ya muda ili mgeni ayakute. Mtindo ukaenea Usenet nzima. Yaani kitu chenyewe kilizaliwa na mtu aliyechoshwa na wageni, ila yeye alipochoka akakaa akaandika.

Kwa hiyo nikae kimya muda gani kabla ya kuuliza?

Mwaka 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za mtandaoni uliosambazwa sana, na ndani yake mgeni anashauriwa asome mijadala kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote, apate kuelewa utamaduni wa kundi. Ulikuwa ushauri mzuri kwa watu waliokuwa wanabishana kuhusu lugha za kompyuta.

Kwa grupu la WhatsApp nasema siku mbili, tatu. Soma maelezo ya grupu kwa kubonyeza jina lake juu, ndipo sheria zinakoandikwa. Ona watu wanaitanaje, ona kama matangazo ya biashara yanaruhusiwa na siku gani. Ila kama vifaranga wanakufa, uliza dakika hiyohiyo. Mwezi wa kusoma utamaduni kuku hawana.

Swali zuri linaandikwaje?

Linaandikwa kwa namna ambayo mtu anaweza kulijibu akiwa amesimama kwenye daladala. Huyu hapa aliandika kwenye grupu langu wiki chache zilizopita: "Kuku hawatagi tatizo nini". Ilibidi aulizwe maswali sita, na aliyekuwa anauliza alishuka kituoni kabla ya la saba. Siku hiyohiyo mwingine akaandika: "Habari wadau. Nina chotara 40, wana miezi saba, walikuwa wanatoa mayai 25 kwa siku, tangu Jumatatu 8 tu. Nilibadilisha chakula Jumamosi. Picha ya mfuko hii hapa. Inaweza kuwa chakula?" Amejibiwa na watu watano, na wawili kati yao walisoma lebo ya mfuko kwenye picha wakaona kimeandikwa cha kuku wa nyama.

Ujumbe wa sauti wa dakika nne usitume. Najua kuongea ni rahisi kuliko kuandika, na kwa asiyezoea kuandika sauti ni haki yake. Dakika moja tutakusikiliza.

Wananicheka kwa Kiswahili changu. Niache?

Usiache. Hili linaniudhi kuliko yote, na Watanzania wenzangu ndio vinara. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akiingia na Kiswahili cha kwao, kabla hajajibiwa atapata watu wawili wa kumsahihisha na mmoja wa kumwigiza. Mkenya akiandika "nimeshika" kwa maana ya kuelewa, anaulizwa ameshika nini. Kijana aliyekulia Oman, au aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wakimbizi kutoka Burundi au Kongo, akichanganya ngeli, anaambiwa akajifunze kwanza. Na sisi tunaomcheka tunaandika "xaxa" na "kuraraa".

Kama ungetaka kumsaidia mtu lugha, jibu kwanza swali lake kwa Kiswahili unachokiona sahihi. Atakisoma. Hakuna binadamu aliyejifunza upatanisho wa kisarufi kwa kuchekwa mbele ya watu mia tatu. Na wewe uliyechekwa: yupo mtu humo ndani ambaye Kiswahili chako ndicho cha kwao, naye amekaa kimya akingoja kuona utafanyiwa nini.

Niliongeza habari za kijiji chetu Wikipedia ya Kiswahili, zikafutwa. Hawataki wageni?

Wanawataka kweli. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na imeendeshwa muda wote na watu wachache wa kujitolea. Ukikaa pale mwezi utawafahamu kwa majina. Kilichofutwa hakijapotea: bonyeza historia ya ukurasa utaona maneno yako, nani aliyaondoa na mara nyingi sababu yake. Kwa kawaida sababu huwa ni kukosa chanzo, au maneno kunakiliwa kutoka tovuti nyingine, au kusifia mno ("kijiji chenye watu wakarimu kuliko wote"). Uliza kwenye ukurasa wa majadiliano. Wasimamizi wa pale wanaitwa wakabidhi, na ukiwauliza kwa utulivu wanajibu.

Ila hisia uliyoipata, ya kupigwa mlango usoni, ina takwimu zake. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri wanaohariri mara kwa mara zaidi ya 50,000 mwaka 2007. Kufikia 2013 walikuwa wamebaki kama 31,000. Mwaka huohuo wa 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti uliotafuta sababu. Dhana ya wenyeji wengi ilikuwa kwamba wageni wa siku hizi ni wabovu. Utafiti ukaonyesha kwamba kiwango cha wageni wenye nia njema hakikuwa kimeshuka. Kilichobadilika ni mapokezi. Wenyeji walikuwa wametengeneza zana za kufuta uharibifu haraka, na zana hizo zikawa zinamfutia mhuni na mgeni mwema kwa kasi ileile, na barua ya onyo isiyo na jina la mtu. Mgeni mwema akifutiwa mara ya kwanza, mara nyingi harudi.

Na Wikipedia walikuwa na kanuni tangu zamani inayosema msiwang'ate wageni. Kanuni ilikuwepo na meno yalikuwepo. Kilichosaidia kidogo ni kitu cha kawaida sana: mwaka 2012 walifungua ukumbi wa chai, mahali ambapo mgeni anauliza lolote na kuna watu waliojipanga kumjibu kwa lugha ya kawaida. Watu waliojipanga ndio jambo lenyewe, maana kanuni haiwezi kuitikia hodi.

Basi wakongwe hawana haki ya kuchoka?

Wanayo. Jibu swali moja mara mia mbili, bure, baada ya kazi, uone. Stack Overflow, mtandao wa maswali ya wanaoandika programu ulioanza 2008, ulijengwa juu ya uchovu huo: swali lililokwisha kuulizwa linafungwa, baya linapigwa alama ya kushuka. Ulikuwa na majibu bora kuliko popote, na sifa ya kutisha. Aprili 2018 wenye mtandao waliandika hadharani kwamba watu wengi mno wanapaona pale ni mahali pa uadui au pa kujiona, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe. Baadaye mwaka uleule wakaweka alama inayomwonyesha msomaji kwamba aliyeandika ni mchangiaji mpya, mwende naye taratibu.

Ninachowaambia wakongwe wangu ni kimoja: ukichoka, nyamaza. Hakuna aliyekuajiri. Umechoka kujibu, sawa, lakini ulipata wapi nguvu ya kutafuta stika?

Mimi ni mwanamke. Kila nikiingia grupu jipya, usiku huohuo napata "mambo mrembo" inbox.

Namba yako inaonekana na kila memba, na wapo wanaokaa kwenye magrupu kwa kazi hiyo tu, kuvizia namba mpya. Usijibu hata kwa kukataa. Piga picha ya skrini, mzuie, mtumie admini picha ile kwa inbox. Admini anayekujibu "puuzia tu" amekwambia grupu lake ni la aina gani.

Kwenye grupu langu mtu akifanya hivyo anatoka siku hiyohiyo, bila onyo na bila kikao. Nililalamikiwa kwamba namwondoa mtu mwenye ujuzi. Ni kweli mmoja wao alikuwa anajua kuku kuliko sisi sote. Lakini kabla yake akina mama walikuwa wanauliza kupitia kwangu, "niulizie, usitaje jina", na sasa wanauliza wenyewe.

Ukitaka kujikinga mapema, ondoa picha yako ya wasifu kwa wasio kwenye orodha yako ya majina. Iko kwenye mipangilio ya faragha. Inauma kwamba wewe ndiye unayejificha, najua.

Kwa nini magrupu mengi yanamhoji mgeni kama polisi?

Kwa sababu ya wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli anaingia kama mgeni, anakaa kimya siku tatu, anaokota namba, kisha anaanza kuwaandikia watu mmoja mmoja akijifanya admini, au anamwaga linki ya uwekezaji unaozaa mara mbili kwa wiki. Kwa admini, mgeni mkimya na tapeli mkimya ni namba mbili zinazofanana.

Tangu 2023 WhatsApp inamwezesha admini kuidhinisha maombi kabla mtu hajaingia. Nauliza maswali mawili tu, unafuga nini na linki umeipata kwa nani. Mfugaji anajibu kwa sekunde kumi na anaongeza malalamiko yake juu ya bei ya pumba. Tapeli anajibu "ndio".

Nimeingizwa grupu bila kuulizwa. Nikitoka si dharau?

Dharau ni ya aliyekuingiza. Kwenye faragha ya WhatsApp kuna sehemu ya magrupu, chagua wanaoweza kukuongeza wawe uliowahifadhi tu. Na tangu 2022 ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini pekee. Grupu la michango ya harusi ya mtoto wa rafiki wa shemeji yako ni mtihani mwingine. Huo sina jibu lake, mimi mwenyewe niko matatu.

Nimetolewa bila kuelezwa.

Mwandikie admini mara moja, kwa heshima: "Nimeona nimetolewa, naomba kujua nilipokosea." Mara nyingine ni kidole kimeteleza, au walikuwa wanafyeka namba zisizoongea. Asipojibu kwa siku mbili, achana naye. Usimtume rafiki aliyebaki ndani akakuombee mbele ya watu.

Mimi ndiye admini. Nifanye nini cha kweli?

Ujumbe mrefu wa sheria ishirini na saba wenye alama za nyota na mikono iliyokunjwa, ufute. Hakuna aliyewahi kuusoma, hata wewe. Magrupu ya WhatsApp yalikuwa na kikomo cha watu 256, mwaka 2022 kikapanda hadi 512 na kisha 1,024. Kikomo kilipopanda maadmini wengi waliongeza watu tu, wala hawakuongeza wenyeji. Grupu la elfu moja lenye admini mmoja aliyelala ni stendi ya mabasi.

Sisi tulifanya mambo machache baada ya lile la 2021. Tuna zamu: kila wiki kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha mgeni anayeuliza amepata jibu ndani ya saa tatu, hata kama jibu ni "ngoja namtafuta anayejua". Zamu ni ya kupokezana, hata mtu mwenye miezi miwili humo ndani anapangwa. Tuna faili moja la kurasa nne lenye chanjo kwa siku zake (kideri siku ya 7, gumboro ya 14, halafu marudio), dalili za magonjwa makubwa, na namna ya kutambua chakula kilichochacha. Aliye zamu anamtumia mgeni faili hilo inbox pamoja na neno karibu. Maswali yamepungua? Kidogo. Watu bado wanauliza yaliyomo kwenye faili, na anayejibu anasema "ukurasa wa pili, dada, pale juu". Pale juu pana kitu.

Jambo jingine: msahihishe mkongwe kwa inbox, mgeni mbele za watu usimguse kabisa siku yake ya kwanza. Na akikosea kutuma tangazo siku isiyo ya matangazo, lifute, umwandikie pembeni kwa nini.

Ugeni unaisha lini?

Waswahili wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wafugaji wanajua maana yake halisi: ukinunua kuku mnadani unamfunga siku kadhaa nje ya banda, hadi alizoee, kisha unamkata kamba jioni anaingia mwenyewe na wenzake. Siku ngapi? Inategemea kuku. Methali nyingine inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu, na hiyo kwa magrupu naipenda zaidi, ndiyo maana ya ile zamu.

Kwangu mimi uliisha hivi. Nilikuwa na kama wiki tano kwenye grupu la kwanza nililowahi kuingia, sijawahi kuandika zaidi ya "asante". Mtu mpya akauliza kipimo cha dawa ya minyoo, wakubwa wote kimya, nikajibu mimi, kwa kirefu, na hesabu zangu za maji na gramu. Nilikosea. Nilizidisha kipimo mara kumi. Mzee mmoja wa Singida akanisahihisha, akaweka kipimo sahihi, kisha akaandika chini yake: "Karibu sana bwana. Sasa umekuwa mwenyeji, unakosea kwa kujiamini kama sisi."